Mkasi mwekundu hautoshi: Umahiri wa mwalimu unavyoamua ufaulu wa mtoto

Ubaoni kuna swali la hisabati la darasa la 3: 52 − 17. Daftari la kwanza limeandikwa 45. La pili, 45. La kumi na tano, 45 tena. Watoto hawa hawakuangaliziana. Kila mmoja ametazama mamoja, akaona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza: 7 toa 2, akapata 5. Kisha akaenda kwenye makumi: 5 toa 1, akapata 4. Wote wamekosea kwa kufuata kanuni moja waliyojitungia wenyewe.

Hapo ndipo walimu wawili wenye cheti kimoja, mshahara mmoja na kitabu kimoja hutengana. Wa kwanza hupiga mkasi mwekundu wa kosa, huandika 35 ubaoni, watoto hunakili masahihisho, kengele hulia. Wa pili humuuliza mtoto, "Umeipataje 45?" Akishasikia maelezo, huweka mezani matita matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni, kisha humwambia mtoto atoe vijiti 17. Mtoto hushika vile viwili, hukwama, hutazama matita. Anagundua mwenyewe kwamba lazima tita moja lifunguliwe. Kesho yake, 64 toa 28 itawashinda wachache, lakini haitalishinda darasa zima.

Dakika kumi za namna hiyo, zikirudiwa kila siku kwa miaka ya shule ya msingi, humfikisha mtoto mmoja kidato cha kwanza akiwa anajua hesabu, na mwingine akiwa amekariri majibu tu. Umahiri wa mwalimu unaanzia kwenye uwezo huo wa kuona kosa, kujua limetoka wapi na kulirekebisha kabla halijaota mizizi.

Utafiti ulivyomfikia mwalimu

Kwa muda mrefu watafiti walitilia shaka iwapo shule ina uzito wowote mbele ya hali ya nyumbani. Mwaka 1966 nchini Marekani, ripoti iliyoongozwa na mwanasosholojia James Coleman, iliyopima wanafunzi zaidi ya laki tano, ilionyesha kwamba hali ya familia inahusiana zaidi na ufaulu kuliko majengo, maktaba au maabara. Wengi waliisoma kama hukumu: mtoto wa maskini ameshindwa kabla hajafika darasani.

Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29, tajiri na maskini. Waliona kwamba kadiri nchi inavyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu unavyozidi kuamua matokeo ya mtoto. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu, wala mtu aliyesoma hadi sekondari, hana pengine pa kujifunzia kugawanya kwa tarakimu mbili. Akilikosa somo hilo darasani, amelikosa.

Baadaye wachumi walianza kuwafuatilia watoto walewale mwaka hadi mwaka, wakilinganisha walimu waliowapitia. Katika utafiti wa mwaka 1992 uliotumia takwimu za shule za mji wa Gary, jimboni Indiana, Eric Hanushek aliona kwamba watoto wa walimu mahiri kabisa walisonga mbele kwa mwaka mmoja na nusu wa masomo ndani ya mwaka mmoja. Wale wa walimu dhaifu kabisa walisonga nusu mwaka tu.

Mwaka 1996 William Sanders na June Rivers waliutazama mlolongo huo katika jimbo la Tennessee. Watoto walioanza wakiwa sawa katika hisabati, wengine wakapitia walimu mahiri miaka mitatu mfululizo na wengine walimu dhaifu, waliishia kuachana kwa takriban nafasi 50 kama wangepangwa watu 100 kwenye mstari. Mwalimu mzuri wa mwaka uliofuata hakuweza kuifuta hasara yote ya mwaka uliotangulia.

> Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hana pengine pa kujifunzia. Akilikosa somo darasani, amelikosa.

Tafiti hizo ziliibua jambo jingine linalowasumbua waajiri hadi leo. Sifa zinazotumika kupanga mshahara, yaani shahada na miaka ya utumishi, hueleza sehemu ndogo tu ya tofauti kati ya mwalimu na mwalimu. Uzoefu husaidia sana miaka michache ya mwanzo, kisha nguvu yake hupungua. Umahiri huonekana darasani, na ni vigumu kuusoma kwenye faili la mtumishi.

Madawati yalijaa, walimu hawakutosha

Nchini Tanzania suala hili lina historia ndefu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, maarufu kama UPE, ukaanza rasmi. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la 7 walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya vijijini na ya redio. Wengi wao ndio waliobeba shule za vijijini kwa miongo mitatu, na jina la "mwalimu wa UPE" likageuka kejeli ambayo hawakuistahili.

Wimbi la pili lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioambatana na kufutwa kwa ada ya shule za msingi. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Shule za sekondari za kata nazo zikafuata. Wahitimu wa kidato cha 6 walipigwa msasa kwa wiki chache na kupelekwa kufundisha, na mitaani wakaitwa walimu wa "voda fasta".

Gharama ya haraka hiyo ilionekana Februari 2013, matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012 yalipotangazwa. Watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu asilimia 60, walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume kuchunguza chanzo, na baadaye matokeo yakachakatwa upya. Hata hivyo, swali lililoulizwa majumbani halikufutika: watoto hawa walikaa darasani miaka minne wakifundishwa nini?

Mwaka 2016, baada ya waraka wa elimu bila malipo, darasa la 1 peke yake liliandikisha zaidi ya watoto milioni 2. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini shule nyingi za umma ziko mbali na kiwango hicho. Katika darasa la watoto 120, mwalimu akitoa dakika moja tu kwa kila daftari, anahitaji saa mbili kusahihisha zoezi la kipindi kimoja.

Kuwapo, kujua, kufundisha

Umahiri wa mwalimu unaweza kugawanywa katika ngazi tatu, na kila moja huiegemea iliyo chini yake.

Ya kwanza ni kuwapo. Utafiti wa viashiria vya utoaji huduma ulioratibiwa na Benki ya Dunia uliwatuma watu kutembelea shule za msingi za Tanzania bila taarifa mwaka 2014. Walimu takriban asilimia 14 hawakuwapo shuleni. Waliokosekana darasani wakati wa kipindi walikuwa takriban asilimia 47. Maana yake, sehemu kubwa ya walimu waliokosekana darasani walikuwa palepale shuleni: ofisini, chini ya mwembe, kwenye kikao, au wakisahihisha madaftari ya darasa jingine.

Ngazi ya pili ni kujua somo. Katika utafiti huohuo walimu walipewa maswali ya mtaala wa shule ya msingi wanaoufundisha. Waliofikia asilimia 80 hawakufika nusu ya walimu. Mwalimu asiye na uhakika na sehemu hukwepa sehemu. Hesabu hizo za sehemu huzifundisha mwisho wa muhula, kwa haraka, au huwaandikia watoto kanuni wakariri. Kosa la 45 likitokea, hana pa kulishikia.

Ngazi ya tatu ni kufundisha kwenyewe. Inahusu kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutumia zana, kuuliza maswali yanayodai maelezo na kurudisha majibu kwa mtoto. Madarasa mengi yamezoea mtindo wa pamoja. Mwalimu husema, "Tumeelewana?" na darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Sauti hiyo huwafariji wote waliomo, lakini haimwambii mwalimu lolote kuhusu mtoto wa dawati la nyuma aliyeitikia bila kuelewa.

Woga huiziba ngazi hii kabisa. Mtoto anayejua kwamba jibu baya huleta kiboko hanyoshi kidole. Huficha kosa lake, na kosa lililofichwa haliwezi kurekebishwa.

> Mwalimu asiye na uhakika na sehemu hukwepa sehemu.

Ruzuku au motisha?

Serikali na wahisani wamegawanyika kuhusu mahali pa kuweka shilingi. Upande mmoja husema shule zinakosa vitabu na chaki, kwa hiyo fedha ziende kwenye vifaa. Upande mwingine husema vifaa vipo vingi kuliko vinavyotumika, na kinachokosekana ni motisha ya mwalimu.

Hoja hizo zilipimwa nchini mwaka 2013 na 2014 katika mradi wa KiuFunza wa taasisi ya Twaweza, uliofanyika kwenye shule 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika shule nyingine 70, walimu wa darasa la 1 hadi la 3 waliahidiwa bahshishi ya shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu somo. Shule 70 nyingine zilipata vyote viwili, na 140 zilibaki kama zilivyo ili kuwa kipimo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Motisha peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda wazi, na kupanda kwake kulizidi jumla ya matokeo ya ruzuku na motisha vilipotolewa kando kando.

Fundisho lake linagusa pande zote mbili. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu, na mwalimu mwenye ari lakini asiye na kitabu hufika mahali akakwama. Kimoja humsubiri mwenzake, kama jembe na mkulima.

Darasa dogo peke yake halitoshi

Kilio cha msongamano nacho kilipimwa, Kenya Magharibi, kuanzia mwaka 2005. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 210, na 140 kati yake zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba kwa ajili ya darasa la 1. Madarasa ya watoto zaidi ya 80 yaligawanywa, yakawa na watoto wapatao 44.

Watoto waliobaki na mwalimu wa kudumu katika darasa hilo dogo hawakupanda kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa mwalimu wa mkataba walipanda. Sehemu ya sababu ilikuwa mahudhurio: mwalimu wa mkataba, aliyejua kwamba kamati ya shule ndiyo itakayoamua kumwongezea muda, alikuwa darasani mara nyingi zaidi, huku baadhi ya wa kudumu wakilegea baada ya kupata msaidizi. Wazazi wa kamati walipofundishwa kusimamia, matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

Hii haina maana kwamba msongamano ni mzuri. Darasa dogo humpa mwalimu nafasi ya kusoma kila daftari, na asipoitumia nafasi hiyo, faida yake hupotea.

Malalamiko ya pande mbili

Maofisa elimu na wazazi hulalamika kwamba mwalimu analipwa kwa kazi isiyofanyika. Wanaelekeza kidole kwenye utoro, biashara za pembeni, na tuisheni ya jioni ambako somo lililorukwa asubuhi hufundishwa vizuri kwa malipo.

Walimu wana majibu yanayostahili kusikilizwa. Nyumba za watumishi ni chache, na wapo wanaotembea kilomita nyingi kufika kazini. Madai ya uhamisho na kupandishwa madaraja hukaa muda mrefu bila kulipwa. Mwalimu wa kijijini hupoteza siku nzima kwenda mjini kufuatilia mshahara au barua. Kazi nyingine hurundikwa juu yake: takwimu, sensa, uandikishaji, michango, ujenzi wa vyoo.

Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo sababu mvutano hauishi. Kumwajibisha mwalimu bila kumwondolea vikwazo kunamvunja moyo. Kumwondolea vikwazo bila kumwajibisha kunamwacha mtoto palepale. Anayelipa ni yule wa dawati la nyuma, ambaye haketi kwenye kikao chochote.

Mwalimu hujengwa kazini

Mabadiliko ya kudumu yameonekana pale mwalimu aliposaidiwa ndani ya darasa lake. Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015 uliunganisha mambo matatu kwa madarasa ya mwanzo: kila mtoto kitabu chake, kila mwalimu kiongozi cha somo kinachoonyesha hatua za kila kipindi, na maofisa wa mitaala waliotembelea madarasa wakiwa na tableti, wakamsikiliza mtoto akisoma, kisha wakazungumza na mwalimu kuhusu walichokiona. Stadi za kusoma Kiingereza na Kiswahili ziliongezeka.

Tanzania imechukua njia inayofanana nayo kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, na mara nyingine kwenye vituo vya walimu, wakijadili sehemu zinazowashinda na kutumia moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtindo huu unatofautiana na semina za zamani za hotelini, ambako mwalimu alirudi na begi na cheti huku darasa lake likiwa limekaa wiki nzima bila somo.

Uzito wa jumuiya hizo unategemea kinachowekwa mezani. Kikao cha kusoma waraka hakimbadilishi mtu. Kikao ambamo walimu wanne wanafungua madaftari ishirini, wanaiona 45 ikijirudia na kupanga namna ya kuifundisha upya, kinabadilisha somo la kesho asubuhi. Mwalimu mkuu ndiye mhimili wake. Akiwa mtu wa kuingia madarasani na kurudi na ushauri, walimu hufundishana. Akijifungia ofisini na mafaili, kila mmoja hubaki na siri ya udhaifu wake.

Yaliyo nje ya uwezo wa mwalimu

Umahiri una mipaka, na ni haki kuitaja. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila uji husinzia saa nne. Msichana anayechota maji alfajiri huchelewa kipindi cha kwanza. Hakuna zana inayofuta njaa.

Lugha ni mpaka mwingine. Katika shule za msingi za umma mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi mwalimu wake mwenyewe huizungumza kwa kujikaza. Mwalimu mahiri hujenga daraja: hueleza dhana, huandika msamiati ubaoni, huruhusu swali kwa Kiswahili. Asiyeweza huandika madokezo, darasa likanukuu, na miaka minne ikapita katika kunukuu.

Kupima bila kupotosha

Kama mwalimu ana uzito kiasi hiki, ufaulu wa wanafunzi unaweza kuonekana kuwa kipimo chepesi cha kazi yake. Kipimo hicho kina hatari. Alama ya mwisho hubeba pia kipato cha wazazi, walimu wa miaka iliyopita na aina ya watoto shule iliowachagua. Shule inayopokea waliofaulu vizuri na kuwachuja kila mwaka itang'ara hata walimu wake wakiwa wa kawaida. Mwalimu aliyewapokea watoto 90 wasiojua kusoma na kuwafikisha 60 kwenye kusoma amefanya kazi kubwa zaidi, lakini matokeo ya taifa hayamwonyeshi.

Kuanzia matokeo ya mitihani ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Hatua hiyo ilipunguza mbio za nafasi, ingawa haikujibu swali la namna ya kumtambua mwalimu anayefundisha vizuri.

Jibu lililo karibu zaidi ni kupima hatua aliyopiga mtoto kutoka alipoanzia, na kuambatanisha hilo na kuingia darasani. Mthibiti ubora wa shule anayefika na kukagua andalio la somo pekee atakuta maandalio mazuri yaliyonakiliwa kutoka mwaka uliopita. Akiomba madaftari kumi ya darasa la 3 ataona mengi zaidi: kama mazoezi yamesahihishwa, kama chini ya mkasi mwekundu kuna maelezo, na kama kosa la Jumatatu bado lipo Ijumaa.